Kuta Ndani ya Mti

William Forsyth, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1737, alipanda cheo akiwa na jembe na kisu cha kupogolea mikononi. Mwaka 1771 alikabidhiwa bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, London, na mwaka 1784 akawa msimamizi wa bustani za Mfalme George III huko Kensington na St James. Alikuta miti ya matunda iliyozeeka, yenye madonda sugu kwenye matawi na mashimo kwenye mashina. Badala ya kuing'oa, alikwangua uozo mpaka akafika kwenye ubao mgumu, kisha akapaka dawa aliyoichanganya mwenyewe: samadi mbichi ya ng'ombe, chokaa iliyobanduliwa kwenye majengo ya kale, majivu ya kuni na mchanga kidogo. Chokaa ya dari za nyumba ndiyo aliyoipenda zaidi. Miti ikachipua na kuzaa.

Habari hizo zilifika Bungeni haraka, kwa sababu Uingereza ya wakati ule iliishi kwa meli za mbao. Manowari moja kubwa ilimeza maelfu ya mialoni, na mwaloni uliooza ndani ulikuwa hasara kwa taifa zima. Bunge likamtunuku Forsyth pauni 1,500, naye akatoa siri yake hadharani katika kitabu cha mwaka 1791 kuhusu magonjwa, kasoro na majeraha ya miti ya matunda na ya misitu. Thomas Andrew Knight, bingwa wa kilimo cha matunda kutoka Herefordshire, alimpinga waziwazi: ubao uliokwisha kuoza, alisema, haurudishwi na dawa yoyote. Ubishi wao ulikuwa bado haujaisha Forsyth alipofariki mwaka 1804.

Forsyth hakuwa tapeli. Gome jipya alilolishuhudia likitambaa juu ya jeraha lilikuwepo kweli, na ubao mpya uliokua chini yake ulikuwepo pia. Kosa lilikuwa katika kumtaja mponyaji. Aliisifu samadi na chokaa kwa kazi ambayo mti uliifanya wenyewe. Ilichukua takribani miaka 200 kwa watu wa taaluma hii kuuona mchango wa mti huo, na katika muda huo mikono yenye nia njema iliharibu miti mingi mno.

Lami na hadubini

Katika miaka ya 1860 mwenye misitu mmoja wa Ufaransa, Comte des Cars, aliandika mwongozo wa kupogoa uliosomwa sana Ulaya, na baadaye ukatafsiriwa Marekani. Alifundisha kwamba tawi likatwe kwa kulambana na shina, pasibaki hata kinundu, kisha jeraha lipakwe lami ya makaa ya mawe. Agizo hilo lilipendeza macho. Shina lilibaki laini, jeraha likawa jeusi na safi, na kingo zake zikavimba haraka kwa gome jipya. Kwa zaidi ya karne moja wapogoaji wa Ulaya na Marekani walilifuata, na uvimbe ule wa kingo wakauhesabu kuwa dalili ya afya.

Wakati huohuo Ujerumani swali lilikuwa lingine: kuoza ni nini hasa? Mwaka 1833 mtaalamu wa misitu Theodor Hartig alitazama ubao uliooza kwa hadubini akaona nyuzi laini zimejipenyeza ndani ya seli. Alihitimisha kwamba nyuzi hizo zimezaliwa na ubao wenyewe, kwamba seli zikifa hugeuka kuvu. Mwanawe Robert, aliyezaliwa mwaka 1839, alizifuata nyuzi hizo kutoka ndani ya shina mpaka kwenye ule uyoga mgumu unaojitokeza nje ya gome, akathibitisha kwamba ni kiumbe kimoja. Katika vitabu vyake vya 1874 na 1878 aliligeuza wazo la baba yake: kuvu hutangulia, uozo hufuata.

Robert Hartig alionyesha pia kwamba kila aina ya kuvu ina namna yake ya kula. Zipo zinazokula selulosi na kuacha ubao wa kahawia, mkavu, unaopasuka vipande vya mraba. Nyingine huvunja lignini, na ubao hubaki mweupe, laini, wenye nyuzinyuzi. Tofauti hiyo bado inamsaidia mkaguzi wa leo, maana shina lenye uozo wa kahawia linaweza kukatika ghafla, ilhali ubao uliooza kwa weupe mara nyingi hupinda kwanza na kuonyesha dalili.

Lakini katika picha hii mti wenyewe haukuwa na la kufanya. Jeraha hufungua njia, kuvu huingia kwenye kiini kilichokwisha kufa, uozo huenea. Kwa mtu anayeamini hivyo, tiba ni mbili tu: kuuondoa uozo wote na kuziba tundu. Mtu aliyeigeuza tiba hiyo kuwa taaluma alikuwa mwana wa mkulima wa Somerset, Uingereza.

Saruji ya Ohio

John Davey alizaliwa mwaka 1846 na hakujua kusoma mpaka alipokuwa kijana mkubwa. Mwaka 1873 alihamia Ohio, Marekani, na baadaye akapata kazi ya kutunza makaburi katika mji wa Kent. Miti iliyotelekezwa pale aliihudumia kwa bidii ambayo watu hawakuizoea. Nchi ile ilikuwa bado inakata misitu kana kwamba haina mwisho, na wazo la kumtibia mtu mti mmoja mmoja lilikuwa geni. Mwaka 1901 Davey alichapisha kitabu, The Tree Doctor, kilichojaa picha za vigogo vilivyopasuka, matawi yaliyokatwa ovyo na mashina yaliyofungwa waya mpaka ukazama ndani ya gome. Mwaka 1909 familia ikasajili kampuni, na tayari kulikuwa na shule ya kuwafundisha vijana kazi hiyo.

Kazi yao kubwa ilikuwa kujaza mashimo. Kijana alipanda kwa kamba, akachonga uozo kwa patasi na nyundo ya mbao mpaka akagusa ubao mweupe usio na doa. Akatoboa tundu la kutolea maji, akapaka dawa ya kuua vijidudu, akapaka lami, kisha akajaza saruji. Saruji yenyewe ilipangwa kwa matabaka yaliyotenganishwa na karatasi ya lami ili shina liyumbe na upepo bila kulipasua jiwe lile. Mashina yaliyogawanyika yalishikiliwa kwa vyuma na nyaya. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na gome lililofunika saruji baada ya miaka lilimridhisha kila aliyelipa.

Davey anastahili heshima ya kudumu. Yeye ndiye aliyewashawishi watu wa kawaida kwamba mti wa mtaani una thamani ya kulipiwa fundi, na kwamba fundi huyo lazima asome kabla ya kupanda. Kasoro ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaona, ndani ya shina, nyuma ya saruji.

Mtu aliyepasua miti kwa urefu

Alex Shigo alizaliwa mwaka 1930 Pennsylvania. Mwaka 1959, akiwa amemaliza shahada ya udaktari katika magonjwa ya mimea, aliajiriwa na Idara ya Misitu ya Marekani na kupangiwa utafiti wa uozo wa miti huko New England. Watafiti waliomtangulia walikata mashina kwa upana, kisahani baada ya kisahani. Shigo alikuwa na chombo ambacho Hartig hakuwahi kukiota. Misumeno ya mnyororo, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita chenso, ilikuwa imefanywa nyepesi kiasi cha mtu mmoja kuimudu. Aliitumia kupasua mashina kwa urefu, kutoka kwenye jeraha kwenda juu na chini, ili aone njia nzima ambayo uozo umepita. Kwa miaka mingi alipasua zaidi ya miti 15,000.

Alitoboa pia miti mizima kwa makusudi, akaandika tarehe, akaiacha kwa miaka kadhaa ndipo akaipasua. Jambo moja lilijirudia mbele yake: sehemu iliyobadilika rangi au kuoza ilikuwa na upana uleule uliokuwa wa shina siku ya jeraha. Ubao wote ulioota baada ya siku hiyo ulikuwa safi. Uozo haukuwa ukienea kila upande ulikotaka. Kulikuwa na kitu kilichouzuia.

Mwaka 1977 Shigo na mwenzake walichapisha maelezo ya kitu hicho. Mti, walisema, hujigawa vyumba, kama meli yenye vizuizi vya chuma tumboni: chumba kimoja kikitoboka, maji hayafiki kingine. Ukuta wa kwanza ni ule wa juu na chini ya jeraha, pale mti unapoziba mirija yake ya maji. Huo ndio dhaifu kuliko zote, na ndiyo maana uozo hurefuka kwa wima. Ukuta wa pili uko upande wa ndani, kwenye mpaka wa kila pete ya mwaka. Wa tatu uko ubavuni, katika mistari ya seli inayotoka katikati ya shina kwenda kwenye gome. Kuta hizi tatu zinatokana na ubao uliokuwepo tayari, na kuvu yenye nguvu inaweza kuzibomoa moja baada ya nyingine.

Ukuta wa nne ni tofauti. Baada ya jeraha, kambiamu, ule utando hai chini ya gome unaozaa ubao mpya, hutengeneza tabaka la seli zilizojaa kemikali zinazoisumbua kuvu. Tabaka hilo hutenganisha yote yaliyokuwepo siku ya jeraha na yote yatakayoota baadaye. Huo ndio ukuta imara kuliko wote, na ndio unaouwezesha mti wenye pango tumboni kuendelea kunenepa na kutoa majani kwa miongo mingi. Mnyama akijeruhiwa hujaza mahali palepale kwa nyama mpya. Mti hauwezi hivyo, kwa hiyo huifungia sehemu iliyoharibika na kujenga mwili mwingine nje yake.

Tokea hapo mafundisho ya karne mbili yalianguka moja baada ya jingine. Patasi iliyochonga mpaka kwenye ubao usio na doa ilikuwa imevunja ukuta uleule uliokuwa ukiulinda ubao huo. Tundu la kutolea maji nalo lilikuwa jeraha jipya lililopenya ukuta. Kuhusu lami na dawa za kupaka, Shigo na mtafiti Walter Shortle walizijaribu kwa miaka 13, na mwaka 1983 wakatangaza matokeo: hazikuzuia uozo.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa kwa ule mkato wa kulambana na shina. Ukitazama mahali tawi linapoota, juu kwenye kwapa utaona mkunjo wa gome, na chini yake utaona uvimbe unaolizunguka tawi. Uvimbe huo ni kola, nayo ni sehemu ya shina. Ndani yake mti huandaa kinga dhidi ya kuvu, kwa kuwa kila tawi litakufa siku moja. Msumeno ukipita nje kidogo ya kola, kinga hubaki kazini na kovu huzunguka jeraha kama duara kamili. Ukipita ndani, kinga huondolewa pamoja na tawi, na kovu huvimba zaidi ubavuni kuliko juu na chini. Uvimbe uliowafurahisha wanafunzi wa des Cars ulikuwa mti ukihangaika.

Mafundi wengi hawakupokea habari hizi kwa shangwe. Walikuwa wameambiwa kwamba kazi waliyoifanya kwa uaminifu maisha yao yote imeidhuru miti. Shigo alistaafu mwaka 1985, akaandika A New Tree Biology mwaka uliofuata, na akaendelea kusafiri akiwafundisha watu kuushika mti, kuupasua na kuutazama wenyewe. Alifariki mwaka 2006, na leo viwango vya upogoaji vya Marekani na Ulaya vimesimama juu ya kola ya tawi.

Kuusoma mti bila kuupasua

Shigo alijua ndani kulivyo kwa sababu aliukata mti. Mkaguzi wa mji hana ruhusa hiyo. Anatakiwa aseme kama mti ulio juu ya uwanja wa shule utasimama au utaanguka, naye auache ukiwa hai.

Chombo cha zamani zaidi cha kazi hiyo ni nyundo ya mbao. Shina likigongwa, ubao mzima hutoa mlio mkavu na mfupi, na pango hutoa mlio mzito. Shigo mwenyewe alisaidia kutengeneza mita ya umeme iliyopima ukinzani ndani ya tundu jembamba, kwa kuwa ubao unaooza hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Baadaye Ujerumani ilileta mashine inayosukuma sindano ndefu ndani ya shina na kuchora nguvu inayotumika: mchoro ukishuka ghafla, sindano imefika kwenye uozo. Ikafuata pia mbinu ya vitambuzi vinavyofungwa kuzunguka shina. Fundi hugonga kimoja kimoja, kompyuta hupima sauti ilivyochelewa kufika kwa vingine, na picha ya pango hujitokeza kwenye skrini. Lakini Shigo ametuachia tahadhari kuhusu sindano, kwani kila tundu linaweza kupenya ukuta. Ndiyo maana mkaguzi mzuri huanza na macho.

Macho hayo yalipewa elimu yake na Claus Mattheck, mwanafizikia wa Karlsruhe, Ujerumani, aliyekuwa akichunguza jinsi vyuma vinavyovunjika. Katika miaka ya 1990 alieleza kwamba mti hukua ili mzigo uenee sawasawa juu ya uso wake wote. Palipo na udhaifu ndani, mti huongeza ubao nje. Kwa hiyo uvimbe unaolizunguka shina unaweza kutangaza pango, na mbavu iliyosimama wima inaweza kutangaza ufa. Uyoga unapoota kwenye shina la chini, mkaguzi huanza kuuliza hali ya mizizi. Mattheck alipendekeza pia kipimo: ukuta wa ubao mzima uliobaki ukishuka chini ya takribani theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina, hatari huongezeka sana. Wengine wamekijadili na kukirekebisha kipimo hicho, lakini hoja kuu imesimama. Pango peke yake halitoshi kuuhukumu mti. Kinachoamua ni unene wa ubao uliobaki.

Ubao ni nusu ya habari, na nusu nyingine iko ardhini. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba kali ilipiga kusini mwa Uingereza na kuangusha miti inayokadiriwa kuwa milioni 15. Katika bustani ya mimea ya Kew, London, mwaloni uliopandwa mwaka 1798 uliinuliwa na upepo pamoja na mizizi yake, kisha ukakaa tena mahali pake. Kabla ya hapo ulikuwa ukidhoofika. Wafanyakazi waliuwekea nguzo wakidhani watauondoa baadaye, lakini miaka michache mbele ulikuwa umestawi kuliko awali. Tony Kirkham, mtunza miti wa Kew, na wenzake walielewa sababu: udongo uliokuwa umeshindiliwa na miguu ya wageni ulikuwa umelegezwa, hewa na maji vikafika kwenye mizizi. Tangu hapo Kew imekuwa ikiingiza hewa ya mgandamizo ardhini kuzunguka miti yake ya kale.

Panga na kola

Historia hii inatuhusu Afrika Mashariki kila siku ambayo mwembe, mkungu au mwarobaini wa mtaani unakatwa. Mnamo Novemba 2020 mti wa mugumo wenye umri wa zaidi ya miaka 100 kando ya Waiyaki Way, Nairobi, ulinusurika kukatwa kupisha barabara ya juu, kwa amri rasmi iliyotolewa baada ya wananchi kupaza sauti. Ushindi ule ulikuwa wa haki. Lakini amri huzuia shoka la siku moja tu. Miti yetu mingi haiuawi kwa uamuzi mkubwa namna hiyo. Huuawa kidogokidogo na mtu mwenye panga aliyetumwa kusafisha njia ya nyaya za umeme, anayekata kilele chote na kuacha visiki vya matawi vilivyochanika. Kisiki kikubwa cha namna hiyo hakina kola ya kukilinda, kuvu hushuka kutoka hapo mpaka kwenye shina, na machipukizi yanayofumuka pembeni hushikilia tabaka la nje tu. Miaka kadhaa baadaye machipukizi hayo yamekuwa matawi mazito yaliyosimama juu ya ubao uliooza, nayo huanguka juu ya vibanda na magari. Hapo watu husema mti ni hatari, ukatwe.

Kazi iliyo sahihi haina gharama kubwa. Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu: mkato mfupi kutoka chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichanike, mkato wa pili kutoka juu, mbele yake, wa kuliangusha tawi, na wa tatu wa kuondoa kisiki nje kidogo ya kola. Msumeno wa mkono wenye makali unatosha kwa matawi mengi. Anayepanda ajifunge mkanda na kamba, na achague fundo linalomshikilia akiteleza, kama lile la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Viatu vya miiba ya chuma viachwe kwa mti unaoangushwa, kwa kuwa kila hatua yake ni jeraha kwenye mti unaobaki. Jeraha lisipakwe lami wala rangi. Udongo chini ya mti usishindiliwe wala kufunikwa kwa zege mpaka kwenye shina.

Halmashauri zetu zinazoajiri wapogoaji, na mashirika ya umeme yanayopeleka vikosi barabarani, yanaweza kuandika mambo haya katika mkataba mmoja wa ukurasa mmoja na kumpa kila fundi siku chache za mafunzo chini ya mti halisi. Forsyth alihitaji fedha za Bunge, na Davey alihitaji magari ya saruji. Mti wenyewe unahitaji kuachiwa kola yake, ubao wake na udongo wake, na mwenye msumeno anayejua mahali pa kusimamia mkono wake.